Namna ya Kutia Umeme, Maji na Hewa kwenye Etaji Yako ya Salamabila

Anza na swichi.

Kuna watakaokuambia uanze na msingi, wengine na pesa, wengine na kibali cha watu wa Urbanisme. Waache. Etaji ya Salamabila huanza na swichi, kwa kuwa katika vifaa vyote vya umeme swichi pekee ndiyo isiyohitaji umeme ili ipendeze ukutani. Nunua zile nyeupe zenye mstari wa dhahabu. Kila chumba mbili, sebuleni nne, na moja karibu na kitanda ili mtu asisumbuke kuinuka kuzima taa isiyowaka. Prizi usizihesabu. Prizi ni kama meno: hata nyama isipokuwepo, heri yawe yametimia.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe, PDG, ambaye shimo lako limetema. (Msomaji wa Mombasa au Tanga asishtuke: huku kwetu PDG si mkurugenzi mwenye ofisi na katibu. Ni mwenye shimo la dhahabu, na ofisi yake yaweza kuwa kiti cha plastiki chini ya mwembe.) Umechoka na nyumba ya tofali za udongo na tole. Ulienda Bukavu, ukalala hotelini etaji ya tatu, ukafungua robine, maji yakatoka. Ukarudi na wazo.

Wazo lenyewe ni hili. Chini maduka manne pamoja na kompitwari ya kununulia dhahabu. Juu yake etaji mbili. Kila etaji apatimenti nne. Apatimenti nane, watu watano kila moja, jumla arobaini. Shika hiyo arobaini, itatutesa huko mbele. Mchoro ulichorewa na kijana wa Lubumbashi ambaye hajawahi kufika kwetu, na karatasi zake zinaandika Salamabila kwa L ukurasa mmoja, Saramabila kwa R ukurasa wa pili. Hilo si kosa lake. Zone ya afya inaandikwa kwa R na mwenye duka anaandika kwa L, na wote wawili wanapokea barua zao. Kosa lake liko kwenye kona ya chini ya kila karatasi, pale alipoandika kwa herufi ndogo: *unganisha na mtandao wa mji*.

Tuutafute basi huo mtandao.

Wewe ndiye SNEL

Umeme wa Kongo upo, mtu asikudanganye. Inga ya kwanza ilianza kazi 1972, ya pili 1982, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya themanini waya ukavutwa kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ili migodi ya shaba isilale gizani. Umeme unaopita humo ni wa mkondo mnyoofu, volti laki tano, nao huwezi kuuchota njiani bila kujenga kituo kizima cha kuugeuza. Ndiyo maana vijiji vya njiani vimekaa miaka arobaini na zaidi chini ya waya huo vikiwasha koroboi. Sisi wa Maniema tuna nafuu yetu: waya haukupita hata juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo tukitazama juu hatuna wa kumlaumu.

Kisha ikaja tarehe 17 Juni 2014. Siku hiyo ilisainiwa sheria ya sekta ya umeme, na ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la serikali, ukafika mwisho. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba serikali ilikupa ruhusa ya kufanya kile ambacho yenyewe haikukifanya kwako. Hongera, PDG. Tangu siku hiyo SNEL ya Salamabila ni wewe.

Mfano wa kuigwa haukuwa mbali. Kampuni ya Kanada, Banro, ilipoanza uzalishaji wa kibiashara mgodini Namoya Januari 2016, haikukaa kungoja nguzo. Ilijiwashia yenyewe kwa jenereta na mazutu, ikaendelea hivyo mpaka ikasimamisha kazi Septemba 2019. Dhahabu ilitoka ardhini kwetu, mwanga ukabaki ndani ya ua. Nawe fuata mtindo huohuo: nunua gurupe, jenga ua.

Gurupe ina bamba ubavuni, na hicho ndicho kitabu cha hadithi cha kwanza utakachosoma kama mwenye etaji. Bamba linasema 10 kVA. Muuzaji atakuambia ni kilowati kumi. Zidisha kwa 0.8, unapata nane. Halafu kumbuka kwamba mashine ya bei ya huruma hupumua vizuri ikibebeshwa robo tatu tu, unapata sita. Gawa kwa apatimenti nane: wati 750 kwa kila mlango. Pasi moja ya umeme inakula elfu moja. Kwa hiyo Alhamisi usiku, kanzu zote za Ijumaa zikipigwa pasi kwa pamoja, gurupe itazima. Na Jumamosi usiku, zamu ya suti za kanisani, itazima tena. Haina ubaguzi wa dini.

Iwashe saa kumi na mbili na nusu jioni, izime saa nne usiku. Ukiizima utasikia kutoka juu, apatimenti zote kwa sauti moja: “SNEEEL!” Usikasirike. Umeshapokelewa katika familia ya mashirika ya umma.

Usiiweke chini ya ngazi, hata kama hapo ndipo mlinzi anapoweza kuikalia. Hapa sitanii. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inapanda ngazi kimya, haibishi hodi, na iliowakuta usingizini hawaamki. Ijengee kibanda chake uani, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda kwake.

Waya nunua ukiwa na kisu mkononi. Mchoro unataka milimita mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa prizi, na ganda la waya limeandikwa hivyohivyo, maana kuandika hakugharimu shaba. Kwaruza. Chini ya wekundu ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba kama mchumba aliyepakwa poda: inapitisha umeme kidogo na kutoa joto kwa wingi. Muuzaji ataapa kwa jina la mama yake. Mwambie, “Papa, mama nimemwamini, waya nirudishie pesa.”

Kuhusu jua nitakuwa mfupi kwa sababu jua lina akili kuliko sisi wote na halihitaji mwongozo mrefu. Tuko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo pano zingeweza kulala chali. Ziinamishe nyuzi kumi kuelekea kaskazini ili mvua izioshe vumbi. Batri za asidi usizikaushe chini ya nusu. Wapangaji watazikausha hadi robo wakitazama mpira, na utanunua nyingine mwakani.

Na uweke mishumaa. Wabelgiji walipoiteka Kasongo Aprili 1893, daktari Mwingereza aliyekuwa nao, Sidney Hinde, aliandika kuwa nyumba za Waarabu na waungwana wa mji zilikuwa na mishumaa, viberiti, sukari na vikombe vya fedha tele. Leo nenda sokoni Kasongo: mishumaa ipo, viberiti vipo. Vikombe vya fedha sijaviona.

Umeme wa bure

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba Maniema haina umeme. Mwaka 2016 wanasayansi waliopiga hesabu za setilaiti iitwayo TRMM walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi kuliko pote duniani. Wa kwanza ni ziwa Maracaibo la Venezuela. Wa pili ni Kabare, kule Kivu ya Kusini. Wa tatu ni Kampene, territoire ya Pangi, mkoa wetu huuhuu: karibu miali 177 kwa kila kilomita mraba kila mwaka. Huo ndio umeme pekee unaotufikia bila nguzo, bila bili na bila kukatwa.

Na wewe umejenga nyumba ndefu kuliko zote mjini, ukaweka juu yake antena, pano na matangi. Ni kama kunyoosha kidole darasani.

Kijana wa Lubumbashi amechora fimbo ya shaba ya kushusha radi ardhini. Fimbo ya shaba Salamabila ina umri wa wiki moja. Siku ya nane utaikuta kwa mnunua vyuma, imekatwa vipande. Fanya hivi badala yake: kabla ya kumwaga zege ya msingi, funga waya mnene kwenye nondo za msingi wenyewe, uache ncha yake ikipanda ndani ya nguzo hadi darini. Zege iliyofukiwa kwenye udongo hushika unyevu hata kiangazi, wakati udongo wetu mwekundu wa juu unakauka kama tofali na kukataa kupokea umeme. Msingi hauibiwi. Nasema hivyo nikijua kwamba Kamituga wachimbaji hupita na mashimo yao chini ya nyumba za watu waliolala. Lakini wao hutafuta dhahabu, nondo zako hawana shida nazo.

Maji yanayoshuka

Maji yatafikaje kwenye tangi? Subiri. Kwanza tuseme yameshafika, kama michoro yote inavyosema.

Kijana ameweka matangi matano ya lita elfu darini. Lita elfu ni tani moja, basi ni tani tano, sawa na kuegesha lori juu ya chumba cha kulala cha mpangaji. Hesabu yake ya nondo ilikuwa sawa. Ila nondo zenyewe zilitoka Uvira kupitia Baraka, Fizi na Lulimba, na ilikuwa masika. Lori lilikaa kwenye matope hadi dereva akajulikana kwa jina na kila mtoto wa kijiji, na nyingine zikauzwa hukohuko ili watu wale. Ukamwambia fundi, “Apana shida, weka zilizofika.” Basi na matangi punguza: weka mawili. Na yaweke juu ya kuta, si katikati ya sakafu.

Kuhusu presha: kila mita kumi za kimo cha maji ni bari moja. Chini ya tangi lako hadi kichwa cha bafu la etaji ya juu ni mita moja na nusu, sawa na bari 0.15. Mpangaji wa huko, anayelipa zaidi ili atazame kilima, atapata maji kama machozi ya shemeji msibani: yanatoka, lakini kwa adabu tu. Kile kipasha-maji cha umeme ulichomnunulia hakitawaka kamwe, kwa kuwa kina swichi inayongoja msukumo wa maji, na msukumo haupo. Etaji ya kwanza itapata mara tatu ya hapo. Presha nzuri kuliko zote itakuwa kwenye duka la chini, lisilo na bafu.

Sasa nakupa ushauri mmoja wa kweli na najua hutaufuata: weka gutiere. Dari lako ni mita 20 kwa 10. Mvua moja ya kawaida ya masika ikishusha milimita 30, dari hilo limepokea lita 6,000 kwa jioni moja, yaani bidoni 300 zilizopanda zenyewe. Gutiere ni tole iliyokunjwa na misumari. Lakini wewe unasema gutiere ni ya nyumba za misioni, etaji ya kisasa haivai mkanda. Unataka dari bapa kama la Bukavu, maji yamwagike kwa majirani.

Hewa ya kompitwari

Upande wa hewa mchoro unaonyesha viyoyozi vinane, na hapo nakubaliana nawe: vile visanduku vya nje vikining'inia ukutani vinampa mgeni heshima kabla hajapanda ngazi. Gurupe haiviwezi. Si kitu. Ndege wa masika wanapenda kujenga ndani yake.

Hewa ya kushughulikia ni nyingine. Chini umempangisha mnunua dhahabu, na mnunua dhahabu anachoma. Mchimbaji analeta donge la dhahabu lililoshikana na zebaki, linawekwa kwenye kijiko au kikaango, moto unapulizwa. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, inatoweka, dhahabu inabaki. Neno “inatoweka” ni la mnunuzi. Haikutoweka. Imepanda. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, unapita kwenye matundu ya mabomba ambayo fundi hakuziba, unafika etaji ya kwanza ambako mama mmoja anamnyonyesha mtoto.

“Basi tumjengee bomba la moshi mpaka darini,” utasema, na utajiona mhandisi. Fikiri kidogo. Bomba linatoka juu ya dari. Mvuke ukikutana na baridi ya usiku unageuka matone madogo, unatua juu ya dari lako na la jirani. Mvua ya kesho inaosha dari. Na kama kwa bahati mbaya umenisikiliza kuhusu gutiere, maji hayo yanaingia kwenye tangi, kutoka tangi hadi robine ya mama yuleyule. Hapo, PDG, ndipo umeme, maji na hewa vinapokuwa mfumo mmoja, jambo ambalo kijana wa Lubumbashi alisoma miaka mitano na bado hakuliweka kwenye mchoro.

Dawa yake ni kipande cha bomba. Chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza, kutoka kwenye kifuniko bomba jembamba linaloinama kuelekea kwenye bakuli la maji, kitambaa kibichi kikiwa kimezungushwa juu yake. Donge linachomwa ndani, mvuke unapoa njiani, zebaki inadondoka bakulini na kutumika tena. Fundi bomba wako anaweza kukitengeneza kwa mabaki ya kazi yake, mradi kiwe chuma kitupu: bomba lililopakwa zinki au la shaba zebaki itaungana nalo. Kichomewe nje, mbali na nyumba, wala kisifunguliwe kabla hakijapoa. Nchi nyingi zilikubaliana mwaka 2013 mkataba wa kupunguza zebaki, ukaitwa Minamata kwa jina la mji wa Japani ulioharibiwa na sumu hiyo, ukaanza kutumika 2017. Mnunuzi hajausikia. Lakini mwambie kwamba zebaki yake inarudi kwenye bakuli na hatanunua nyingine; hiyo lugha anaisikia vizuri.

Katika mita zote za bomba ulizonunua, huenda hicho kipande ndicho pekee kitakachofanya kazi kila siku.

Vese

Hakuna etaji bila vese ya porseleni. Nane, moja kwa kila mlango, nyeupe, zenye kitufe juu.

Sasa ile arobaini yetu. Mtu mmoja anakwenda mara nne kwa siku. Vese zako, za mtindo wa zamani, ulizopata kwa bei nafuu, zinameza lita tisa kila mara. Arobaini mara nne mara tisa ni lita 1,440, bidoni 72 za lita ishirini. Matumizi yote ya nyumba nzima, tukimpa kila mtu lita 50 za kunywa, kupika, kufua, kuoga na hiyo vese, ni lita 2,000, bidoni mia moja. Kwa hiyo kila siku bidoni 72 kati ya mia zinapanda ngazi kwa kusudi la kushuka tena.

Zinashukia wapi? Kwenye fose septiki. Kanuni inayojulikana ni kwamba fose na kisima vitengane mita 30 angalau, na chini ya shimo la kunyonyea kuwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Parsele yako ni 20 kwa 30. Kutoka kona hadi kona ya mkabala ni mita 36. Inawezekana! Chimba kisima kona ya mashariki, fose kona ya magharibi, ubaki na furaha mpaka utakapochungulia juu ya ukuta na kuona kwamba jirani naye amesoma mwongozo huu, akaanza na kona nyingine: fose yake iko mita nne kutoka kisima chako. Kipindupindu hakisomi ramani za parsele. Kaa naye, kunyweni chai, mchimbe kisima kimoja na fose moja kwa nyumba zote mbili. Najua ni vigumu. Mlikwisha gombania mpaka huo kwenye baraza la chefferie.

Wenye busara wamefunga vese kwa kufuli, wakaiwekea kitambaa cha kushona na ua la plastiki, wakachimba choo cha shimo nyuma ya nyumba. Wageni wakija, kufuli linafunguliwa wasalimie.

Mtandao wa mji

Nilikuahidi tutafika kwenye swali la maji yanapandaje. Bomba la mji halikufiki, na lile neno kwenye kona ya mchoro, *unganisha na mtandao wa mji*, bado linangoja.

Mtandao upo. Una miguu. Anakuja saa kumi na moja alfajiri akiwa na bidoni ya manjano ya lita ishirini na kata ya kitenge kichwani, ana miaka kumi au kumi na miwili, na wako kama yeye wengine saba au wanane. Mhandisi mzuri hujua sifa za pampu yake, basi tumpime. Tuseme chemchemi iko mita 40 chini ya kiwanja chako, na apatimenti kwa wastani ziko mita tano juu ya ardhi. Kila safari ni kupanda mita 45. Bidoni mia moja ni mita 4,500. Karisimbi, mlima mrefu kuliko volkano zote za Virunga, una 4,507. Kwa hiyo wasichana hawa wakijumlishwa wanapanda Karisimbi kila siku inayopambazuka, na bidoni ya maji kichwani. Zile mita saba zilizobaki tuseme ni za kwenda dukani kukununulia sabuni.

Pampu ya chuma ingefanyaje? Kuinua lita 2,000 mita 52, kutoka chemchemi hadi tangi la darini, ni kazi ya chini ya theluthi moja ya kilowati-saa. Pampu ndogo na bomba refu hupoteza sehemu kubwa njiani, basi tuseme kilowati-saa moja kamili. Gurupe ya mazutu hutoa karibu tatu kwa kila lita. Maji yote ya watu arobaini, siku nzima, pamoja na anasa ya vese, ni theluthi ya lita ya mazutu: chupa ndogo ya Fanta.

Nilipomwonyesha PDG mmoja hesabu hii alinitazama kwa huruma. “Kaka,” akasema, “mazutu nitalipa mimi. Bidoni analipa mpangaji.” Nimesoma vitabu kadhaa vya uhandisi wa majengo na sijaona mahali mfumo mzima wa maji umeelezwa kwa maneno machache hivyo.

Nikamwomba basi angalau kapi. Kijana wa Lubumbashi alikuwa ameacha tundu la lifti katikati ya nyumba, la kisasa kabisa, ambalo hadi sasa ni mahali pa kutupia maganda ya ndizi. Kapi moja juu, kamba, ndoano. Msichana anafunga bidoni chini, mpangaji anavuta juu mwenyewe. Mabaharia wa pwani wamepandisha matanga hivyo tangu zamani, na hakuna aliyewaona washamba. PDG alikataa. Alisema tundu ni la lifti, na lifti itakuja umeme ukija.

Basi niishie na maelekezo ya matengenezo, kwa kuwa kila kifaa kina siku zake za kuharibika, na pampu yako ina tarehe inayojulikana. Septemba 2019, mwezi uleule mgodi wa Namoya uliposimama, serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma. Masomo huanza asubuhi. Mwezi wa tisa, saa moja kasoro, utamwona anashuka ngazi mikono mitupu, juu nyeupe, chini bluu, daftari kwapani. Atakusalimu vizuri. Bidoni ameiacha pale chini, mlangoni kwa mnunua dhahabu, tupu. Wewe unakaa etaji ya pili, PDG. Vidato thelathini na nane.